Mwenyekiti wa Nyumba za Udongo

Sikumbuki kumwona amekaa. Kwa mtu aliyeitwa Mwenyekiti hilo lilikuwa jambo la kuchekesha, na wanawake wa chama walilicheka sana, lakini yeye hakuwa na muda wa kucheka nao. Alikula amesimama, sahani mkono wa kushoto, macho yakiwa kwenye sahani za wenzake kuona nani anachelewesha kazi. Mkutano aliuendesha akizunguka nyuma ya watu, kwa hiyo ukitaka kumjibu ulilazimika kugeuza shingo, na ukishageuza tayari amefika upande mwingine. Hata msibani, ambako mtu mzima anatarajiwa atulie mkekani, yeye angeinama kama anayetaka kukaa, akaona maji ya kunywa yamepungua, akashika ndoo na kutoka. Hakurudi tena mpaka maziko.

Jina lake sitalitaja. Kibamba nzima ilimwita Mwenyekiti, pamoja na mumewe na wajukuu zake, na nadhani wapo wengi waliomzika bila kulijua hilo jina. Kwao nako sikujui vizuri. Wengine walisema Newala, wengine Liwale. Ninachokijua ni yale niliyoyaona tangu niko darasa la kwanza, na jambo moja nililokuja kulijua nikiwa mama wa watoto watatu. Kwa miaka mingi mimi na mama yangu tulimchukia huyu mwanamke. Tulimchukia kwa sababu siku moja, kati ya siku zote alizofanya kazi yake, alisahau kumuuliza baba yangu swali moja, na kwa kusahau kule tukapoteza nyumba. Mama alitaka kujua kitu kimoja tu kabla hajafa: kwa nini asahauliwe yeye. Sasa wote wawili wametangulia, na naona naweza kusema.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Goba. Nauza saruji, nondo, misumari, bati na rangi. Nikiwaambia vijana wanaokuja kununua kwamba Kibamba ilikuwa shamba tupu, na kuta za nyumba zilijengwa na wanawake kwa mikono yao, hutabasamu kwa adabu kisha huuliza kama nondo zimeshuka bei. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nikipita pale siku hizi naona frem za maduka, mageti na kuta za matofali, na inabidi nisimame nifikirie ili nijue kisima kilikuwa upande gani.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Chama cha akina mama pale kwetu kililima mihogo kwa zamu, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Kilisafisha kisima. Mwanamke akijifungua, wenzake wawili walipangwa kumchotea maji na kumpikia uji mpaka arobaini itimie. Kazi kubwa kuliko zote, ile iliyowatoa watu Mbezi waje kutazama, ilikuwa kukandika nyumba. Wanaume walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakaezeka makuti, halafu wakakaa kando. Kuta zilikuwa za wanawake. Udongo ulichimbwa hapo hapo kiwanjani, ukamwagiwa maji, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukalainika. Kisha walisimama wawili wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wakitazamana kupitia fito, na kila mmoja akabamiza tonge lake mahali pale pale, kwa wakati mmoja, ili matonge yakutane katikati yashikane. Ukuta ukiwa chini walionana na kupiga soga. Ukipanda, ilibaki sauti tu. Mama yangu alikuwa wa ndani, na mwenzake wa nje alikuwa mke wa balozi wetu wa nyumba kumi. Mama alisema mambo ya maana aliyowahi kuambiwa na yule mama yote aliambiwa wakiwa hawaonani nyuso.

Mwenyekiti hakuwa na mwenza. Yeye alizunguka nyumba, nje na ndani, akigonga ukuta mbichi kwa kiganja. Akihisi pana uwazi, alipabomoa hapo hapo na kusema, "Hapa atalala mtoto wa mtu." Waliokuwa wamebamiza sehemu ile walinuna. Mara nyingi alikuwa amegundua kweli, na hiyo ndiyo iliyozidi kuwaudhi.

Kabla ya tonge la kwanza, hata hivyo, kulikuwa na swali. Mume aliitwa asimame mbele ya wanawake wote, wakiwa wameshajifunga khanga kiunoni na miguu imeshalowa udongo. Mwenyekiti alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, utafikiri anauliza saa: "Baba fulani, nyumba hii ya nani?" Na mume alitakiwa kujibu, wote wasikie, kwamba ni ya mama fulani, mkewe. Akijibu hivyo vilipigwa vigelegele na kazi ikaanza. Asipojibu hivyo, wanawake walinawa miguu wakaenda zao. Hakuna aliyeandika chochote. Swali hilo alilianzisha yeye, baada ya kuona wajane wawili wametolewa kwenye nyumba walizozikandika wenyewe. Aliamini, na wenzake wakaamini pamoja naye, kwamba neno likishasikiwa na wanawake thelathini halina pa kupotelea. Karatasi hakuziamini, kwa sababu alikuwa ameziona zikiliwa na mchwa.

Waume walijibu kila mmoja kwa namna yake. Mchongaji mmoja wa vinyago, mtu wa utani mwingi, alisema nyumba ni ya mkewe, vinyago ni vya mkewe, na yeye mwenyewe ni wa mkewe, ila baiskeli naomba mniachie. Dereva mmoja wa lori alikuja juu. Alisema nyumba ni yake, mke ni wake, na udongo ni wake. Mwenyekiti akamwambia sawa, udongo wako huo hapo. Wakanawa miguu. Dereva na mkewe walihamia hivyo hivyo chini ya makuti, bila kuta, na kwa majuma matatu kila aliyepita njiani aliwaona wakila na kugombana. Asubuhi moja alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mwenyekiti, kofia mkononi, akasema kwamba amefikiria vizuri.

Sisi watoto tulilichezea sana swali hilo. Tulijenga vibanda vya vijiti, tukamsimamisha mmoja wetu awe mume, na tuligombea kuwa Mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyeruhusiwa kufoka.

Nimesema alikuwa mkali, lakini alikuwa na mambo ambayo hayakulingana hata kidogo. Aliwahimiza watu wawahi kazini, na yeye ndiye aliyechelewa kila siku, kwa sababu alfajiri alipita mlango hadi mlango kuwaamsha wengine na kila mlango alikuta jambo la kusahihisha. Alisema hapendi umbea, na hakuna kilichotokea kati ya Kibamba na Mbezi ambacho hakukijua kabla ya saa nne asubuhi. Na huyo huyo aliyewasimamisha waume za watu hadharani, kwake alipiga magoti kumpa mumewe maji ya kunywa. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya mumewe, aliyoikuta. Siku moja mama alimchokoza, akamuuliza kama na yeye mzee wake alishawahi kuulizwa. Mwenyekiti alisema, "Ya kwangu nitajua mwenyewe," akachukua jembe akaondoka.

Kuhusu uongo, hakuuweza. Sisemi kwamba alikuwa malaika, nasema tu hakuuweza, kama vile mimi nisivyoweza kupiga mluzi. Kuna mwaka chama kilipewa vifaranga na wafadhili fulani, wakafugwa vizuri, halafu ugonjwa wa kideri ukaingia na kuwafagia wote. Siku chache baadaye ikaja taarifa kwamba mgeni anakuja kukagua. Katibu, ambaye alikuwa na akili za mjini, akapanga waazime kuku kwa majirani. Mwenyekiti alipinga, akabembelezwa, mwisho akakubali kwa sharti kwamba yeye asisemeshwe. Mgeni akaja, akasifu banda, akasifu kuku, akasema kuku hawa wana afya kuliko wa vikundi vyote alivyotembelea. Mwenyekiti alizunguka banda mara moja. Akazunguka tena. Mara ya tatu akasimama mbele ya mgeni akamwambia, "Kuku hawa ni wa jirani. Wetu walikufa." Mgeni alicheka, akaandika kitu kwenye daftari lake, na hatukumwona yeye wala vifaranga vyake tena. Wanawake walimnunia Mwenyekiti wiki nzima. Alfajiri alipita kuwaamsha kama kawaida.

Ndiyo maana alilosema kuhusu nyumba yetu hakuna aliyelitilia shaka. Mtu wa namna ile akisema amesahau, amesahau.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mchana akishatoka shule aliwafundisha akina mama wa chama kusoma na kuandika. Alikuwa mpole sana. Aliwachongea penseli kwa wembe, moja moja, na aliyekosea hakumwambia amekosea, alisema tu, "Tuangalie tena." Mama alimpenda mpaka ikawa aibu, hata mbele yetu watoto alikuwa akimtazama anavyokunja gazeti. Na Mwenyekiti alimheshimu kuliko alivyomheshimu diwani. Darasani alisoma akiwa amesimama dirishani, na baba alipomwita ataje herufi, alijibu huku amekunja mikono kifuani.

Nyumba yetu ilipofika zamu yake nilikuwa na miaka tisa. Mwenye chumba tulichopanga alikuwa amekitaka, kwa hiyo tulijibana watu watano kwenye stoo ya jirani, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa anakohoa kikohozi kibaya. Masika yalikuwa yamekaribia. Wanawake walikuja asubuhi, wakakanyaga udongo, wakamsubiri baba ambaye alikuwa amekwenda shuleni kuomba ruhusa. Wingu likaanza kujikusanya upande wa Kisarawe. Mwenyekiti hakuweza kungoja. Aliondoka akamfuata baba barabarani, na baada ya muda nikamwona anarudi peke yake, anatembea haraka kuliko kawaida yake. Akasema, "Haya, tukandike, mvua hiyo." Wakakandika. Baba alifika baadaye, amefuatana na balozi, wakakaa pembeni kwenye gogo. Hakuna aliyekumbuka swali. Waliokuwa ndani walidhani ameulizwa nje, na wa nje walidhani ameulizwa njiani. Jioni kuta zilikuwa zimefunga pande zote, na mimi niliingia ndani nikanusa ule udongo mbichi. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena hata nilipojenga nyumba yangu ya tofali.

Baba alifariki nikiwa darasa la saba. Matanga yalikuwa hayajapoa vizuri, kaka yake akaja kutoka bara, mtu mrefu wa maneno machache, akasema nyumba ni ya marehemu na ya ukoo wake, na kwamba mama apewe muda wa kufunga mizigo. Mama hakuogopa. Alicheka hata. Alisema nina mashahidi thelathini. Shauri likapelekwa mbele ya baraza la wazee pale ofisini, na chama kikaja chote, khanga sare, kikajaza mabenchi. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema marehemu aliulizwa, na alijibu kwamba nyumba ni ya Mama Upendo. Mama Upendo ndiye mama yangu. Upendo ni mimi. Walisema hivyo wakiamini kabisa, maana hakuna nyumba iliyowahi kukandikwa pasipo jibu.

Mwisho akaitwa Mwenyekiti. Balozi alikuwa amekaa mbele, pamoja na wazee wa baraza. Mwenyekiti alimtazama balozi, akamtazama mama, kisha akasema, "Hakuulizwa. Siku ile nilisahau mimi."

Wanawake waliokwisha kusema walionekana waongo wote kwa mpigo mmoja. Baba mkubwa akapewa nyumba. Sisi tukahamia chumba kimoja Kimara, mama akaanza kukaanga vitumbua, na mimi nilipomaliza shule niliajiriwa kuuza misumari. Kwa miaka mingi nilikuwa nikilala namwona yule mwanamke amesimama pale ofisini. Nilitamani angalau siku ile moja angeweza kusema uongo. Aliwasaliti kuku, nilijiambia, na akatusaliti sisi, ili tu ulimi wake ubaki safi. Mama hakusema hivyo. Mama alisema, "Baba yako angeulizwa tu." Alisema hivyo akichuja mafuta, akifua, akisubiri usingizi. Kwake kosa halikuwa lile la kwenye baraza, lilikuwa lile la kwenye wingu la mvua: watu wote waliulizwa, yeye akarukwa.

Chama hakikudumu baada ya pale. Tulisikia kwamba Mwenyekiti aliendelea kupita alfajiri mlango hadi mlango, na kwamba watu walijifanya hawasikii. Wengine walimwambia usoni kwamba amewatia aibu. Alikwenda peke yake kusafisha kisima mpaka bomba lilipofika na kisima kikafukiwa. Mimi niliposikia hayo nilifurahi, na sitaficha kwamba nilifurahi.

Furaha yenyewe haikunipa utulivu. Nimekuwa mtu wa kuamka saa kumi na kupanga upya vitu vya dukani vilivyokwisha kupangwa. Mume na mke wakija kununua bati, nawauliza risiti niandike jina la nani, na nasubiri jibu na kalamu mkononi mpaka mume ananishangaa. Mume wangu ameniambia nina ugonjwa. Ameniambia pia kwamba kiwanja chetu kimeandikwa jina langu, hivyo nipumzike. Sijui kupumzika kukoje.

Miaka ya mwisho mama nilikaa naye Goba. Presha ilikuwa inampanda na kushuka. Siku moja alisikia kwa mtu wa zamani wa Kibamba kwamba Mwenyekiti amevunjika nyonga na hatoki nje. Hakusema kitu mpaka kesho yake, nilipokuwa namchemshia maji.

"Nenda kamuulize," akasema. "Mie sitaweza kwenda. Muulize kwa nini alinisahau mimi. Sitaki ugomvi, nataka kujua tu."

Nilimkuta uani, nyuma ya safu ya frem za maduka, nje ya chumba alichokaa na mjukuu wake wa kike. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amefungiwa khanga kiunoni ili asidondoke. Huko kukaa kulikuwa kumemshinda. Katika muda niliokuwa pale alimwamuru mjukuu amsogeze juani, halafu kivulini, halafu amgeuze atazame geti. Mikono yake haikuacha kukunja na kukunjua upindo wa khanga.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba. Upendo wa Mwalimu," akasema mara moja, kabla sijajitambulisha.

Alikumbuka kila kitu. Alinitajia nani alikuwa wa ndani na nani wa nje katika kila nyumba, na nani alibamiza vibaya. Alikumbuka rangi ya kofia ya yule dereva wa lori. Kadiri alivyokumbuka ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa sababu mtu mwenye kichwa kama kile anasahau vipi siku ya mama yangu peke yake? Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka. Nikamwambia mama anauliza.

Alimtuma mjukuu akanunue sukari, ingawa kopo la sukari lilikuwa hapo mezani na nililiona limejaa. Yule binti alipotoka getini, akaniuliza kama mama bado anamkumbuka Mwalimu. Nikasema kila siku.

"Anamsema vizuri?"

"Mama hajawahi kumsema baba vibaya hata siku moja."

"Basi mwambie nilisahau," akasema.

"Na mimi unaniambia nini?"

Alinitazama. Nadhani alikuwa anapima umri wangu. Kisha akasema, "Nilimuuliza. Nilimuuliza njiani."

Alinieleza kwa kifupi, akitazama geti ili aone mjukuu akirudi. Baba alikuwa mtu wa aibu, na yeye hakutaka kumshtukiza mbele za watu, mwalimu wao. Kwa hiyo alimfuata barabarani amwandae. Baba alikuwa anakuja na balozi. Akamuuliza. Baba akasema, Mama Mwenyekiti, usiniulize hilo kule, maana sitaweza kudanganya. Nyumba ni ya kwetu, mimi na kaka yangu.

"Nikamwambia, na Mama Upendo je? Akasema, yeye ana kwao."

Aliyarudia hayo maneno polepole. Nikamuuliza, sasa kwa nini mlikandika? Utaratibu ulikuwa mnawe miguu muondoke.

"Mtoto wenu alikuwa anakohoa," akasema. "Na mvua ile pale. Nikajua nikirudi nikasema ukweli, watanawa. Nikasema tukandike, mwalimu bado kijana, atakuja kubadilika taratibu. Nilijua ana muda."

"Na kwenye baraza? Ungesema tu alisema ni ya mama. Wote walishasema."

"Balozi alikuwa pale. Alisikia kwa masikio yake. Ningesema aliulizwa, wangemgeukia balozi wamuulize, Mwalimu alijibu nini? Naye angesema." Alikuwa anavuta upindo wa khanga kama anayetaka kuuchana. "Mama yako angeyasikia mbele ya watu wote, mume kaburini hata majani hayajaota. Nikisema sikumuuliza, balozi hana la kuulizwa. Nyumba ilishakwenda, mwanangu. Nilitaka abaki na mume wake."

Nilitaka kumshika mikono na nilitaka kumfokea, vyote kwa pamoja. Mtu aliyeshindwa kuwadanganyia kuku alibeba uongo ule peke yake, kwa ajili yetu, ukamlia chama chake na jina lake, na sisi tukamlipa kwa kufurahia milango aliyofungiwa. Nikasema nisamehe, Mama Mwenyekiti. Akasema niache maneno, nimsogeze kivulini, jua linamchoma. Nikamsogeza. Mjukuu akarudi na sukari, tukanywa chai, na yeye akamsema yule binti kwamba majani yamezidi.

Kurudi nilishuka Mbezi Luis nibadilishe gari, na badala yake nikajikuta nimekaa kwenye benchi stendi ya mikoani. Watu walikuwa wanapakia mabegi na magodoro, kila mmoja anakwenda kwao. Mama yangu hakuwa na kwao. Alilelewa na shangazi, na shangazi huyo alikufa kabla mimi sijazaliwa, na baba ndiye aliyechimba kaburi. Alijua vizuri. Baba yule yule wa penseli na wembe, wa "tuangalie tena", alijua vizuri kwamba mama hana pa kwenda, akasema vile akiwa ametulia, barabarani, na halafu akaja kukaa kwenye gogo kumtazama mkewe akijenga. Nililia pale benchi. Mama mmoja aliyekuwa na vikapu aliniuliza kama nimeibiwa, nikamwambia ndiyo.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, miwani imemshuka puani. Nilimsalimia nikapitiliza jikoni. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nikafunika maji, nikayafunua. Alinisubiri. Alikuwa mtu wa subira kuliko mimi na kuliko yule wa Kibamba. Hatimaye nikatoka nikakaa karibu yake.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amesemaje?"

Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo.

"Amesema alisahau, mama. Wingu lilimchanganya. Amesema anaomba umsamehe."

Akatoa punje mbili tatu za mchanga, akazitupa uani.

"Nilijua tu," akasema. "Ningelijua siku ile ile kwamba kasahau, ningemwita baba yako mwenyewe aje aseme. Angeulizwa yule, angesema ni yangu."

"Angesema, mama," nikamwambia.